Kambi Waliyoipiga Wenyewe

Neno kambi lina uzito wake kwetu sisi tuliokulia katika mashamba ya chai na miwa. Kambi ni zile nyumba za mstari alizozijenga mwenye shamba, chumba kimoja kwa baba, mama na watoto, bomba la maji moja kwa mstari mzima, na kengele inayolia kabla hakujapambazuka. Ukiachishwa kazi leo, kesho unatoa godoro lako nje. Kwa hiyo tukiwaambieni kwamba wafanyakazi wa viwanda vya Uingereza, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, walikuwa wakitoka kiwandani siku ya Jumamosi na kupanda baiskeli kwenda kambini kwa furaha, huku wakiimba, wengine wenu mtacheka.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa ni kambi ya namna nyingine. Waliipiga wenyewe, wakailipia wenyewe kwa senti zao, na humo ndani hapakuwa na msimamizi wala kengele.

Tumeona vema kuieleza habari hii kwa sababu kila mara katika mikutano ya matawi yetu huzuka swali lile lile: je, mapumziko na matembezi ya wanachama ni shughuli ya chama? Wapo wanaosema kwamba kazi ya chama ni mshahara, na kwamba mambo ya milima na baiskeli ni ya watu wenye nafasi. Hatuwadharau wenye maoni hayo, maana mshahara usiotosha unga hauachi nafasi ya mambo mengine. Lakini hebu tuone wenzetu wa Manchester, Birmingham na Sheffield walianzia wapi, maana wao pia hawakuwa watu wenye nafasi.

Kwanza ilibidi wapate muda. Mwanzoni mwa karne ya 19 Jumamosi katika viwanda vya nguo vya Uingereza ilikuwa siku kama siku nyingine. Watoto, wanawake na wanaume walisimama kwenye mashine tangu alfajiri hadi usiku. Baada ya miaka mingi ya mikutano, maombi na migomo, sheria ya mwaka 1847 iliweka kikomo cha saa kumi kwa siku kwa wanawake na vijana wa viwanda vya nguo. Wenye viwanda wakatafuta njia za kuikwepa kwa kupanga zamu za ujanja. Ndipo ikaja sheria ya mwaka 1850, ambayo pamoja na mengine iliamuru kwamba siku ya Jumamosi wanawake na vijana waachiwe saa nane mchana. Sheria haikuwataja wanaume wazima. Lakini mashine za kusokota na kufuma zilihitaji mikono ya wanawake na vijana, na wao wakiondoka mara nyingi injini ilibidi izimwe. Hivyo wanaume nao wakatoka mlangoni nyuma ya dada zao. Viwanda vingine vilifuata polepole, kila kimoja kwa mvutano wake.

Hivyo ndivyo ilivyopatikana Jumamosi nusu. Kutoka saa nane ya Jumamosi hadi Jumapili usiku mfanyakazi alikuwa mtu huru. Lakini aende wapi? Miji yenyewe ilikuwa imejaa moshi, nyumba zimebanana, na nauli ya treni ilikula sehemu nzuri ya mshahara.

Jibu lilikuwa baiskeli. Katika miaka ya 1890 baiskeli ya magurudumu mawili yaliyo sawa, yenye mnyororo na matairi ya upepo, ilianza kushuka bei. Fundi au mfumaji aliweza kuipata kwa malipo ya kidogo kidogo, au akanunua iliyokwisha kutumika. Sisi baiskeli tunaijua sana. Tunaijua kwa mkungu wa ndizi uliofungwa nyuma, kwa gunia la makaa, kwa mkebe wa maziwa, na kwa mgonjwa anayepelekwa zahanati. Wazee wetu wengi waliendesha Raleigh, ile nyeusi yenye fremu nzito, iliyotengenezwa katika mji wa Nottingham. Mji huo ni jirani na milima hiyo hiyo ya Derbyshire tutakayoisimulia hapa.

Mwezi Februari mwaka 1894, mjini Birmingham, vijana sita walikutana na kuunda chama cha baiskeli. Walikuwa wasomaji wa gazeti la Clarion, gazeti la wajamaa lililoanzishwa Manchester mwaka 1891 na mwandishi Robert Blatchford. Jina hilo lina maana ya sauti ya tarumbeta. Vijana wale wakakipa chama chao jina la gazeti, na Pasaka ya mwaka ule wakaenda safari yao ya kwanza. Gazeti likaandika habari zao, na mara miji mingine ikaiga. Pasaka ya mwaka 1895 vilabu vya miji mbalimbali vilikutana Ashbourne, katika Derbyshire, vikaungana kuwa chama kimoja cha nchi nzima.

Safari za mwisho wa juma hazikuwa na mambo makubwa. Watu walikutana mahali palipokubaliwa, wakiwa na pampu, viraka vya tairi, mkate na magazeti ya kugawa. Njiani mmoja akiona mwenzake asiyemjua lakini mwenye beji ya chama, alipaza sauti, "Viatu!" na yule akajibu, "Vichokoo!" yaani vile vyuma ambavyo mpanda farasi huvivaa kisiginoni. Maana yake hatuwezi kuwaelezeni zaidi ya hapo. Kila chama kina utani wake. Wakifika kijijini waligawa magazeti na vijitabu, na mwenye ulimi mwepesi akasimama kuwahutubia wanakijiji. Halafu maji yakachemshwa kwa chai.

Wengine walilala katika nyumba za wageni, lakini hizo zilikuwa ghali. Ndipo wakaanza kupiga kambi. Wanachama wa upande wa Manchester waliweka mahema katika mashamba ya Cheshire, wakachanga fedha za kukodi uwanja, na mtu aliyetoka kazini Jumamosi aliweza kufika huko kabla jua halijazama. Baadaye mahema hayakutosha, wakatafuta nyumba za klabu. Katika miji mingi ada na michango midogo ndiyo iliyolipa kodi, na kazi ya kupaka rangi na kukarabati ikafanywa na mikono yao wenyewe. Mafundi hawakukosekana.

Wanawake walikuwamo tangu miaka ile ya mwanzo, na hilo halikuwa jambo dogo, kwa kuwa wakati ule mwanamke juu ya baiskeli alitupiwa maneno njiani. Mmoja wao jina lake linajulikana katika eneo letu. Sylvia Pankhurst, ambaye baadaye aliitetea Ethiopia ilipovamiwa na Waitalia, na ambaye alifariki na kuzikwa Addis Ababa mwaka 1960, alipanda baiskeli na klabu ya Clarion ya Manchester alipokuwa msichana, pamoja na dada yake Christabel. Aliandika baadaye jinsi alivyohangaika kupanda vilima huku dada yake akiwa ametangulia mbele. Kila klabu ina watu wa namna hizo mbili.

Sasa tuje kwenye chama cha wafanyakazi chenyewe. Katika mji wa Nelson, huko Lancashire, wakazi wengi waliishi kwa kufuma pamba. Mwaka 1912 wajamaa wa mji huo walijenga nyumba ya mapumziko mashambani, karibu na kijiji cha Roughlee, mbele ya mlima wa Pendle. Fedha za ujenzi walikopeshwa na chama cha wafumaji wa Nelson. Yaani akiba iliyotokana na ada za watu wa mashine ndiyo iliyojenga mahali pa watu hao hao kunywa chai siku ya Jumapili. Nyumba hiyo ipo hata leo, na Jumapili inafunguliwa kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli, na chai inatolewa katika vikombe vikubwa ajabu. Viongozi wa matawi wanaouliza kama fedha za chama zinaweza kutumika kwa jambo kama hilo, huo ni mfano mmoja.

Si wote waliopenda baiskeli. Sheffield ni mji wa chuma cha pua, na fundi mitambo mmoja wa huko aliyeitwa G.H.B. Ward alitangaza katika gazeti la Clarion kwamba anatafuta watu wa kutembea naye kwa miguu. Tarehe 2 Septemba 1900 watu 14 walijitokeza, wakazunguka mlima wa Kinder Scout kwa mwendo wa siku nzima. Hicho kikawa chama cha watembeaji cha Sheffield, na Ward alikiongoza kwa miaka mingi, akitoa kila mwaka kijitabu cha mfukoni chenye ratiba ya matembezi na habari za njia za zamani.

Mlima wenyewe si mrefu. Kwa mtu aliyezaliwa chini ya Elgon au Rwenzori, meta 636 ni kichuguu tu. Lakini ndio ulio juu kuliko yote katika Derbyshire, na unasimama katikati ya Manchester na Sheffield, miji miwili yenye maelfu na maelfu ya wafanyakazi. Juu yake ni uwanda mpana wa majani magumu na udongo mweusi wenye maji, na siku isiyo na ukungu mtu anaona mbali sana.

Tatizo ni kwamba hawakuruhusiwa kuupanda.

Zamani watu wa vijiji walichunga na kuchimba udongo wa kuni katika nyika zile. Katika karne ya 19 ardhi ile iligawanywa kisheria ikawa mali ya wakubwa wachache. Nao wakaitunza kwa ajili ya ndege mmoja wa jamii ya kwale, anayewindwa kwa bunduki kuanzia tarehe 12 Agosti. Kwa sehemu kubwa ya mwaka nyika ilikaa tupu, bila mtu, ikilindwa na walinzi wenye virungu na mbwa ili kwale wasishtuliwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, katika nyika yote ya milima ile, sehemu iliyokuwa wazi kwa watu wote ilikuwa chini ya moja kwa mia. Ward na wenzake waliandika barua, wakachunguza hati za zamani, wakadai njia moja baada ya nyingine. Mswada wa kwanza wa kufungua milima ulipelekwa bungeni mwaka 1884. Ulishindwa. Ukarudishwa kwa namna mbalimbali mara nyingi, na kila mara wenye ardhi, ambao walikuwa wengi humo bungeni, wakauzima.

Huko chini mambo yalizidi kuwa magumu. Kufikia mwaka 1932 Uingereza ilikuwa na karibu watu milioni tatu wasio na kazi. Kijana aliyefungiwa mlango wa kiwanda alikuwa na Jumatatu, Jumanne na Jumatano zote za kutembea, lakini hana fedha ya kitu kingine chochote. Milima ilijaa vijana. Mmoja wao alikuwa Benny Rothman wa Manchester, mwenye miaka 20, fundi wa magari asiye na kazi. Baiskeli yake aliiunda mwenyewe kwa vipuri vilivyookotwa huku na huku, na siku alipotimiza miaka 16 alikuwa Wales, akipanda mlima Snowdon peke yake.

Rothman alikuwa katibu katika Shirikisho la Michezo la Wafanyakazi wa Uingereza, upande wa Lancashire. Pasaka ya mwaka 1932 shirikisho hilo lilipiga kambi ya mwisho wa juma Rowarth, kijiji kilicho chini ya nyika hizo, na vijana wa London walikuja kushiriki. Kikundi kidogo kikatoka kambini kwenda kutembea upande wa Bleaklow. Walinzi wakawakuta, wakawatukana, wakawatishia kipigo, wakawarudisha. Wageni wa kutoka London walishangaa, maana hawakujua kwamba mtu anaweza kuzuiwa kukanyaga majani.

Waliporudi kwenye mahema jambo hilo likazungumzwa sana. Hoja iliyotoka ilikuwa nyepesi, na sisi wa vyama tunaifahamu vizuri: walikuwa wachache, ndiyo maana walirudishwa. Wangekuwa arobaini au hamsini, walinzi wale wangefanya nini? Basi wakaamua kurudi wengi, na si kwa siri. Walitangaza mapema katika magazeti na kwa karatasi za kugawa kwamba Jumapili tarehe 24 Aprili watapanda Kinder Scout kutoka kijiji cha Hayfield.

Siku hiyo polisi walikwenda kumvizia Rothman katika stesheni ya treni ya Manchester, wakiwa na hati ya mahakama ya kumzuia. Hawakumpata. Alikuwa amekwisha ondoka kwa baiskeli, yeye na mwenzake, na walifika Hayfield kwa njia za vijijini. Watu wapatao 400 walikusanyika katika machimbo ya mawe. Rothman akapanda juu ya jiwe akawahutubia, akawaeleza haki wanayodai na akawataka wawe na nidhamu. Halafu wakaondoka, wakipanda bonde huku wakiimba.

Walinzi wa Duke wa Devonshire, kabaila mwenye mlima, walikuwa wanawangoja mtelemkoni. Kukawa na kusukumana na kupigana kwa fimbo, na mlinzi mmoja akaumia mguu. Haikuchukua muda. Watu waliwapita walinzi kama maji yanavyopita jiwe, wakafika juu, na huko wakakutana na wenzao wa kutoka upande wa Sheffield. Wakapeana mikono, wakapumzika, kisha wakateremka pamoja kwa mpango, si kwa kutawanyika. Kijijini polisi walikuwa wamejipanga, na walinzi wakiwaonyesha kwa kidole nani na nani. Vijana watano walikamatwa hapo, pamoja na mmoja aliyekamatwa kabla yao.

Hapa kuna jambo la kisheria ambalo tunaomba msomaji aliangalie. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, kuingia katika ardhi ya mtu bila ruhusa peke yake halikuwa kosa la jinai. Mwenye ardhi aliweza kudai fidia tu. Kwa hiyo vijana wale hawakushtakiwa kwa kutembea. Walishtakiwa kwa mkusanyiko wa fujo na shambulio. Kesi ilipelekwa Derby, mbali na kwao, na baraza la raia lililoamua kwamba washtakiwe lilijaa maofisa wa jeshi na mabwana wa mashamba. Washtakiwa sita walikuwa na umri wa miaka 19 hadi 23. Watano walifungwa, kifungo cha miezi miwili hadi sita. Rothman alipata minne.

Tuseme ukweli wote: vyama vikubwa vya watembeaji havikuwaunga mkono. Viongozi wao waliona kwamba vijana wale wameharibu miaka mingi ya mazungumzo ya upole na wenye ardhi. Mjadala huo haujaisha, na wapo wanaoamini hadi leo kwamba sheria ingekuja tu, pole pole, kwa barua na kamati. Sisi tunaona kwamba barua zilikuwa zimeandikwa kwa karibu miaka hamsini, na kwale bado alikuwa na nafasi kuliko mfumaji. Lakini pia bila watu kama Ward, waliojua kila njia na kila hati, vijana wasingekuwa na hoja ya kusimamia. Hata waliowapinga walichukizwa na vifungo vile, na mwaka huo huo mkutano wa kudai haki ya kutembea milimani ulijaza bonde la Winnats maelfu ya watu.

Matunda yalichelewa. Mwaka 1938 ilipitishwa sheria ya likizo yenye malipo, iliyowawezesha mamilioni ya wafanyakazi kupata juma moja la kupumzika bila kupoteza mshahara. Mwaka 1949, baada ya vita, bunge lenye wingi wa chama cha Labour lilipitisha sheria ya hifadhi za taifa, na mwaka 1951 hifadhi ya kwanza ikawa ni milima hiyo hiyo ya Derbyshire. Mwaka 2000 ndipo sheria ilipotoa haki ya kutembea katika milima na nyika za wazi za Uingereza na Wales. Rothman, aliyekuwa mwakilishi wa wafanyakazi kiwandani kwa miaka mingi, aliiona. Alifariki Januari 2002. Miezi mitatu baadaye, katika kumbukumbu ya miaka 70, Duke wa Devonshire, mjukuu wa yule wa 1932, alisimama Hayfield mbele ya watu akaomba radhi kwa kitendo cha babu yake.

Lakini ile sheria ya mwaka 2000 ni ya miguu peke yake. Haimpi mtu haki ya kuendesha baiskeli juu ya nyika, wala ya kupiga hema. Baiskeli inaruhusiwa kwenye njia za farasi, kama ilivyoamuliwa mwaka 1968, na barabarani. Huko Uskoti, sheria ya mwaka 2003 inaruhusu vyote, miguu, baiskeli na hema, mradi mtu asiharibu. Uingereza yenyewe bado inavutana. Katika nyika ya Dartmoor, kusini magharibi, wenye ardhi walikwenda mahakamani kudai kwamba mtu hawezi kulala huko bila ruhusa yao, na mwanzoni mwa mwaka 2023 wakashinda. Maelfu ya watu wakaandamana huko nyikani. Rufaa ikawapa wananchi haki, na Mei 2025 Mahakama ya Juu ikathibitisha: katika Dartmoor mtu anaweza kupiga hema lake akalala, na mwenye ardhi hana la kumwambia.

Nje ya hapo, mwenye hema katika milima ya Uingereza bado anaomba ruhusa, au analipiga usiku na kuling'oa alfajiri.